Mama Kopo, Aliyelifukuza Jagi Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili asije mtu akapiga simu studio kunikumbusha. Familia nzima inajua, mtaa mzima unajua, na dada yangu mkubwa hulirudia kila tukikutana mezani. Sasa na nyinyi mnajua. Tuendelee.

Leo tunamkumbuka mwokaji wa mikate na keki ambaye mtaani walimwita Mama Kopo. Mimi nilimwita shemeji, kwa sababu alikuwa mke wa kaka yangu. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa ameshika mkono wa mumewe. Kaka anasema mkono wa mkewe ulikuwa bado una harufu ya hamira.

Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Tunamkumbuka Mama Kopo, mwokaji, shemeji yangu. Mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuona, na ambaye kwa ajili hiyo alitakiwa aliache jiko lake. Mimi ndiye niliyekaribia kuwapa sababu waliotaka aliache.

Nilimjua shemeji tangu alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda kikubwa cha mikate, kazi ya kukata donge. Donge la unga linakuja mbele yako kwenye meza, unakata, unatupa kwenye mizani, unasogeza. Alifika mahali akawa anakata na mizani inakubali, haongezi wala hapunguzi. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaitwa kiwandani kurekebisha mlango wa tanuri. Mlango ule ulichukua muda mrefu sana kurekebishika. Fundi mwingine angeumaliza kabla ya chai. Kaka aliurudia na kuurudia mpaka msimamizi akamwambia, "Bwana, ama umwoe huyu dada, ama utuachie mlango wetu."

Akamwoa. Baadaye akamjengea tanuri nyuma ya nyumba, la matofali, lenye mlango wa chuma uliofunga vizuri mara ya kwanza. Shemeji alikuwa akimwambia mbele za watu, "Kumbe ulikuwa unajua."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafukuzwa kazi nyingi kuliko nilizowahi kuomba. Niliuza viatu vya mitumba, vikaniishia mguu mmoja mmoja. Nililinda ghala, wakaiba kufuli. Nikaishia kubeba magunia ya unga kwa shemeji, na kula mikate aliyooka. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Redio, kabla redio yoyote haijanijua. Nilikuwa naongea tangu naingia mlangoni mpaka natoka. Nilipopata kazi hii, alinipigia simu akasema, "Shemeji, hongera. Sasa na wengine wateseke."

Wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye macho.

Macho ya shemeji hayakuzimika kama taa. Yalijifunga kutoka pembeni kuja katikati, polepole, mpaka akawa anaona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alisema ni presha ya macho. Alisema kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kaka anakumbuka siku alipogundua. Alimkuta mkewe amesimama dirishani, ameinua jagi la kupimia mafuta, lile la plastiki lenye mistari ubavuni. Alikuwa analigeuza huku na huku.

"Mstari umehama," alimwambia kaka.

"Mstari gani?"

"Wa lita. Jana ulikuwa hapa."

Kaka anasema alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha.

Basi shemeji akafanya jambo ambalo watu wa mtaa walilisimulia kwa miaka. Alilifukuza jagi jikoni. Majagi yote, ya mafuta, ya maziwa, ya maji. Mengine aliyageuza ya kunyweshea maua. Alisema kuanzia siku hiyo jikoni kwake hakipimwi kitu kwa mstari. Mafuta yatapimwa kwa uzito, maziwa kwa uzito, asali kwa uzito, hata maji.

Mizani yake ilikuwa ile ya zamani ya sahani mbili, na katikati kuna vidomo viwili vya chuma vinavyotazamana kama kuku wanaotaka kugombana. Sahani zikilingana, vidomo vinalingana. Kaka alikata kifuniko kilichovifunika, ili kidole cha mkewe kifike. Shemeji akawa anaweka dole gumba pale, anamimina kwa mkono wa pili, na vidomo vikikutana anaacha kumimina. Hakuhitaji kuona. Mawe ya mizani aliyajua kwa kuyashika, kuanzia la kilo hadi lile dogo la gramu kumi, ambalo alilificha mbali nami kwa sababu niliwahi kulipoteza.

Sasa hapa kuna jambo, na wapishi mnaonisikiliza mnalijua. Mapishi mengi yameandikwa kwa lita na vikombe, na lita hueleza nafasi ambayo kitu kinachukua, haielezi uzito wake. Kwa hiyo shemeji alilazimika kuvigeuza vipimo vyake vyote. Alivigeuza hivi.

Alitafuta makopo mawili ya bati yanayolingana, ya lita moja moja. Kopo tupu aliliweka sahani ya kulia, pamoja na mawe. La pili alilijaza, akaliweka sahani ya kushoto. Bati likapambana na bati, uzito wa kopo ukatoka kwenye hesabu, kikabaki kilichomo tu. Alijua limejaa kwa kupitisha ncha ya kidole ukingoni. Hapo ndipo alipopata jina lake, maana alishinda siku nzima na makopo, na majirani wakichungulia wanaona mtu anapima maji kama anapima dhahabu.

Maji, lita moja, yalitoa kilo moja. Hapo hakuna aliyeshangaa. Maziwa yalitoa kilo moja na kama gramu thelathini. Mafuta ya kupikia yalitoa pungufu: gramu mia tisa na ishirini hivi. Asali ikamfanya aongeze mawe mara mbili: kilo moja na gramu mia nne.

Narudia, taratibu. Lita ya maji, kilo moja. Lita ya maziwa, kilo moja na kidogo. Lita ya mafuta ya kupikia haifiki kilo, ni gramu mia tisa na ishirini. Lita ya asali, kilo moja na gramu mia nne. Kopo ni lile lile.

Vyote hivyo alivitia kichwani. Na alikwisha kulipenda jambo lenyewe. Ukimuuliza kwa nini asiajiri mtu wa kumsomea jagi, alikuwa na jibu. "Jagi linadokoa," alisema. "Ukimimina asali, nyingine inabaki ukutani mwa jagi. Ukimimina mafuta, mengine yanabaki. Kila siku linakula kidogo, halafu unashangaa donge limekuwaje. Mizani haidokoi. Namimina moja kwa moja kwenye karai, basi."

Mikate ilitoka vizuri. Niseme ukweli, ilitoka vizuri kuliko zamani. Lakini dada yangu mkubwa hakutulia.

Huyu dada niwaeleze. Ni mkubwa wetu sote, mimi na kaka. Kwa shemeji alikuwa wifi. Alikuwa mpishi mkuu katika chuo cha wauguzi, jiko lenye masufuria ambayo mtu anaweza kuoga ndani yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kumwona shemeji akiunguza mkono kwenye mlango wa tanuri, kovu refu juu ya kifundo, na tangu siku hiyo akawa analala vibaya. Akaja kwa kaka akasema, "Mdogo wangu, siku moja utarudi ukute mke wako ameungua. Mwambie inatosha."

Kaka hakutaka kumwambia. Shemeji hakutaka kuambiwa. Ndipo kikaitishwa kikao cha familia sebuleni, watu wanne na birika la chai. Dada akatoa pendekezo, na kwa haki lilikuwa pendekezo zuri. Chuo chake kilitaka keki za asali za wanafunzi kila wiki. Ataleta vipimo. Shemeji ataoka. Zikitoka sawa, oda ni yake, na yeye dada hatafungua tena mdomo. Zikiharibika, tanuri linazimwa na shemeji anapumzika.

"Umekubali, wifi?" dada akauliza.

"Nimekubali. Lete vipimo vyako."

Nataka mlielewe hilo, wasikilizaji wapendwa. Oda moja. Ikienda sawa, jiko linabaki. Ikiharibika, jiko linafungwa.

Vipimo vilikuja, na vilikuwa vya chuo. Unga umeandikwa kwa kilo. Vya majimaji vyote kwa lita: mafuta lita tano, asali lita mbili, maziwa lita tatu. Shemeji alisomewa mara moja tu, akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya kuoka, alikuwa na miadi ya kliniki ya macho. Aliniachia jiko kwa maneno machache sana. "Redio, pima unga. Vya majimaji usiguse mpaka nirudi nivigeuze."

Mimi nikapima unga. Nikamaliza. Nikakaa juu ya gunia, nikaona mizani, nikaona dumu la mafuta, nikaona kopo kubwa la asali. Nikajiambia, huyu mwanamke anahangaika na foleni ya kliniki, na hapa pana mwanamume mzima amekaa. Nikakumbuka kwamba jikoni hakuna jagi, kila kitu kwa mizani. Sawa. Na lita ni nini? Lita ni kilo. Nani asiyejua? Nikaweka mawe ya kilo tano, nikamimina mafuta. Nikaweka ya kilo mbili, nikamimina asali. Nikaweka ya kilo tatu, nikamimina maziwa. Nikafunika kila kitu kwenye ndoo yake, nikafuta meza, nikajiona mtu wa maana.

Shemeji alirudi amechelewa, macho yanamchonyota kwa dawa.

"Vyote tayari," nikamwambia.

"Vyote? Na vya majimaji?"

"Vyote, shemeji."

"Kwa mizani?"

"Kwa mizani yako hii hii."

"Haya."

Maongezi yaliishia hapo. Mimi sikudanganya, na yeye, akidhani nimevigeuza kwanza, hakukosea kuniamini. Baadaye aliniambia ndoo ya asali ilimjia nyepesi mkononi, akadhani ni furaha ya oda.

Alichanganya, akamimina kwenye trei, akaoka. Nilijua mambo hayako sawa tangu trei ya kwanza, maana harufu ilikuwa ya chapati zaidi kuliko ya keki. Zilitoka zimepauka kama mtu aliyeamka na homa. Chini zilikuwa zinang'aa mafuta, karatasi imelowa. Asali ndiyo huipa keki ile rangi ya kahawia, na asali haikuwepo ya kutosha. Maziwa peke yake ndiyo yaliyonionea huruma, maana lita yake na kilo yake ni jirani.

Dada alifika na gari la chuo. Aliingia, akachukua keki moja, akauma, akatafuna taratibu, akaiweka chini.

"Wifi, umeionja hii?"

"Nimeionja."

"Na?"

"Si keki," akasema shemeji.

Hakujitetea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono kwenye aproni. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, na ile miwani yake ya kuchomelea juu ya kichwa, anatazama sakafu.

"Nilisema," dada akasema, na sauti yake haikuwa ya ushindi. "Ni macho, wifi. Si kosa lako. Ni macho tu."

Hapo ndipo mimi nikafungua mdomo. Ningekuwa na akili ningenyamaza, lakini nisingeitwa Redio. Nikasema, "Shemeji, hata mimi naona upumzike."

Akageuza uso upande wangu.

"Redio. Asali ulipima ngapi?"

"Mbili, kama ilivyoandikwa."

"Mbili nini?"

"Kilo mbili."

"Na mafuta?"

"Kilo tano."

Akainuka, akaenda rafuni bila kupapasa, akashusha makopo yake mawili. Moja akalijaza mafuta, moja asali, kidole ukingoni. Akanipa yote mawili, hili mkono wa kushoto, hili mkono wa kulia.

"Shika vizuri. Hili la kushoto ni lita?"

"Ni lita."

"La kulia?"

"Lita."

"Lipi zito?"

"La kulia," nikasema. Mkono wa asali ulikuwa umeshuka wenyewe.

"Sasa niambie, kati ya hayo mawili, kilo ni lipi?"

Nikatazama mkono huu, nikatazama ule. Kaka akasema kutoka mlangoni, "Redio imezimika." Ndiyo mara ya kwanza siku ile mtu alicheka, na aliyecheka ni kaka peke yake.

Shemeji akafanya hesabu kwa sauti, kwa ajili ya wifi yake, wala si kwa ajili yangu. Asali lita mbili ni kilo mbili na gramu mia nane. Mimi niliweka mbili. Pungufu, gramu mia nane. Mafuta lita tano ni kilo nne na gramu mia sita. Mimi niliweka tano. Ziada, gramu mia nne. Mafuta yamezidi, asali imepungua. Ndizo keki zile mezani.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ninasimama kidogo. Nataka kutoa pole sasa, kwa sababu nikishasimulia kilichofuata sitakuwa na la kuongeza.

Kaka yangu, fundi, pole. Najua unanisikiliza, na najua umekaa karibu na tanuri. Watoto wenu, poleni. Nyinyi mliofanya kazi na shemeji jikoni na mkajifunza kusoma mizani kwa dole gumba ingawa macho mnayo, poleni. Wanafunzi wa chuo cha wauguzi, wa zamani na wa sasa, mliokula zile keki za asali kila wiki, maana alizioka upya zile za kwanza na hakuacha kuzioka hadi mwaka huu, poleni nanyi. Mama Kopo apumzike kwa amani.

Na tuliobaki tujiulize. Nyumbani kwako kuna mtu ambaye mmekwisha kumpangia apumzike. Labda ni mzazi, labda ni mgonjwa, labda ni shemeji. Kabla ya kumwambia inatosha, je, kuna aliyemuuliza kama amechoka? Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la unga, nimeshiba mkate wake, nikamwamulia. Tutafakari hilo leo, kila mtu na nyumba yake.

Sasa nimalizie. Siku ya mazishi, dada yangu mkubwa alinivuta pembeni. Macho yamevimba, kitambaa mkononi. Akaniambia, "Ukimzungumzia redioni usinifiche. Sema mimi ndiye niliyetaka kumtoa jikoni. Na useme alichonijibu."

Kwa hiyo nasema, dada.

Tulikuwa wanne pale jikoni. Mimi bado nimeshika makopo, mikono inaanza kuuma, hakuna aliyenikumbuka. Dada alizitazama keki, akanitazama mimi, akamtazama shemeji. Alikuwa amesikia hesabu yote, na dada ni mpishi, hesabu aliielewa. Lakini hofu yake ilikuwa palepale.

"Sawa," akasema. "Kosa ni la huyu. Nimekubali. Ila wifi, jiko ni moto. Ni visu, ni mafuta yanayochemka. Mizani haitakukinga na mlango wa tanuri. Mimi sisemi kwa ubaya, nasema kwa sababu nimezeeka jikoni. Jiko linataka mtu mwenye macho."

Shemeji alinyoosha mkono, akaipata trei mezani, akaisukuma taratibu mpaka ikamgusa wifi yake.

"Leo lilikuwa naye," akasema. "Keki zake hizo."